Nahodha FitzRoy: Aliyeanzisha utabiri wa hali ya hewa akafa akilaumiwa

Mwezi Novemba katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa ni mwezi wa maamuzi magumu. Korosho za mwisho bado zinaokotwa chini ya mikorosho, au zimeanikwa uani zikisubiri kupelekwa kwenye ghala la chama cha msingi. Wakati huohuo shamba la mahindi, mbaazi na karanga linadai mbegu. Mvua ileile inayoharibu korosho ndiyo inayootesha mahindi. Mkulima akianika siku moja zaidi anaweza kulowesha mzigo wake ukashushwa daraja. Akiharakisha kupanda kwa mvua ya kwanza, jua la wiki mbili linaweza kumkaushia mbegu ardhini, na mbegu ya pili mara nyingi hununuliwa kwa fedha ya kukopa.

Hapo ndipo redio inapotangaza utabiri wa hali ya hewa. Wengine husikiliza, wengine hucheka. Katika kazi yangu ya uchumi wa kilimo nimekaa na wakulima wengi, na lawama ninayoisikia kuliko zote ni kwamba watu wa hali ya hewa ni waongo: walisema mvua, haikunyesha, walisema kukavu, ikanyesha. Anayelaumu huwa anaikumbuka vizuri siku waliyokosea. Siku walizopatia ni nadra kuzikumbuka.

Lawama hiyo si ya kwetu peke yetu, na si ya jana. Ina umri sawa na utabiri wenyewe. Mtu wa kwanza kuibeba alikuwa nahodha wa Kiingereza, Robert FitzRoy, aliyefariki mwaka 1865. Wengi waliosoma sekondari wanamfahamu kama nahodha wa meli iliyombeba mwanasayansi Charles Darwin. Wachache wanajua kwamba taarifa ya hali ya hewa tunayoisikia baada ya habari ni kazi iliyoanzia kwenye meza yake.

Kijana wa meli

FitzRoy alizaliwa tarehe 5 Julai 1805 huko Ampton, mashariki mwa Uingereza, katika ukoo wa makabaila. Babu yake aliwahi kuwa waziri mkuu wa nchi hiyo. Mtoto wa ukoo kama huo angeweza kukaa nyumbani akala kodi za mashamba, lakini yeye aliingia chuo cha jeshi la majini akiwa na umri wa miaka 12. Alikuwa hodari wa hesabu na vipimo. Mwaka 1828, akiwa na miaka 23 tu, alikabidhiwa meli iitwayo Beagle iliyokuwa ikipima pwani za kusini mwa Amerika. Nahodha aliyemtangulia alikuwa amejipiga risasi kwa sababu ya upweke na ugumu wa kazi ile.

Miezi michache baadaye, Januari 1829, yakamfika yale ambayo hakuyasahau. Meli ilikuwa karibu na mdomo wa mto La Plata. Barometa ilikuwa imeshuka na anga lilikuwa limebadilika, lakini kijana huyo alichelewa kuteremsha matanga. Dhoruba ikawapiga ghafla, milingoti ikavunjika, na mabaharia wawili wakapotea baharini. Barometa ilikuwa imemwonya, naye hakuisikiliza kwa wakati. Tangu siku hiyo aliitazama barometa kama mtu anavyomtazama mgonjwa wake.

Tueleze kidogo kifaa hicho. Hewa ina uzito, ingawa hatuuhisi. Barometa ya zamani ilikuwa mrija wa kioo wenye zebaki, na zebaki hiyo ilipanda au kushuka kufuatana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Mgandamizo ukishuka sana mahali fulani, hewa ya kando hukimbilia hapo, na huo ndio upepo. Katika nchi za baridi barometa hupanda na kushuka sana kutoka siku hadi siku, kwa hiyo ni mwalimu mzuri. Kwetu, karibu na ikweta, haibadiliki kiasi hicho isipokuwa kimbunga kinapokaribia. Kwa hiyo msomaji wa Nachingwea asikimbilie kununua barometa. Kifaa chake tutakitaja baadaye, na hakina gharama.

Darwin, schooner na deni

Safari iliyompa FitzRoy jina ilianza tarehe 27 Desemba 1831 na kumalizika Oktoba 1836. Ndiyo safari aliyomchukua Darwin, kwa sababu alihitaji mtu wa kuzungumza naye mezani asije akapatwa na upweke uliomuua mwenzake. Beagle ilizunguka dunia nzima. Ramani za pwani alizochora FitzRoy zilikuwa sahihi kiasi kwamba mabaharia waliendelea kuzitumia kwa miaka mingi. Katika safari hiyo pia alitumia kipimo cha nguvu ya upepo cha ofisa mwenzake Francis Beaufort, ambacho hadi leo watabiri wa dunia nzima wanakitumia.

Hakuwa malaika. Alikuwa na hasira za ghafla. Katika safari ya kwanza aliwachukua wenyeji wanne wa ncha ya kusini ya Amerika akawapeleka Uingereza kuwafundisha ustaarabu wa huko, na mmoja wao akafa kwa ndui. Kwa macho ya leo ule ulikuwa utekaji tu.

Kwenye fedha, kwa mizani ya mchumi, alikuwa mtu wa hatari. Mwaka 1833 alinunua meli ndogo ya pili kwa fedha yake mwenyewe ili kazi ya upimaji iende haraka, akiamini serikali itamrudishia. Serikali ilikataa, akalazimika kuiuza. Mwaka 1843 alipelekwa New Zealand kuwa gavana. Alikuta hazina tupu, akatoa hati za karatasi zitumike kama fedha bila idhini ya London. Walowezi nao walimchukia kwa kukataa kuwapendelea katika mgogoro wa ardhi na Wamaori. Mwaka 1845 aliondolewa. Alirudi nyumbani akiwa na jina zuri la ubaharia na mfuko mwepesi.

Mwaka 1854 serikali ya Uingereza ilifungua ofisi ndogo chini ya wizara ya biashara, ikampa aiongoze akiwa na wasaidizi wachache. Kazi yake haikuwa kutabiri kitu. Ilikuwa kukusanya takwimu: kugawa vifaa kwa manahodha wa meli, kupokea madaftari yao ya upepo, joto na mgandamizo, na kuyapanga ili meli za biashara zijue njia zenye upepo mzuri. Ofisi hiyo ndiyo mama wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza ya leo. FitzRoy aliongeza jambo lake mwenyewe. Alihakikisha barometa zinafungwa katika bandari ndogo za wavuvi maskini, na akaandika kijitabu cha kuwafundisha kuzisoma. Ndani yake hakudharau elimu ya wazee. Aliandika pia rangi za anga, sura za mawingu na mienendo ya ndege wa baharini, kwa sababu aliona kuwa dalili hizo zimetokana na watu walioangalia anga kwa vizazi vingi. Ni sawa na wazee wetu wanaotazama mbuyu unapoanza kutoa majani, au upepo unapoacha kuwa kusi na kugeuka kuwa kaskazi.

Wingu linavyozaliwa

Ili kuelewa alichokuwa anatafuta, ni lazima tujue wingu ni nini. Wengi wanadhani wingu ni moshi au ni mvuke. Mvuke wa maji hauonekani kwa macho. Tunachokiona angani ni matone madogo mno ya maji, au chembe za barafu.

Chukua chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, iweke mezani. Baada ya muda mfupi inatoka jasho. Maji yale hayakutoka ndani ya chupa. Yametoka kwenye hewa iliyoguswa na ubaridi. Hewa ya moto hubeba mvuke mwingi, na ikipoa hushindwa kuubeba wote, ikautua.

Angani hali ni hiyohiyo. Jua la Novemba likichoma ardhi ya Nachingwea, hewa iliyo juu ya ardhi hupata joto, huwa nyepesi na kupanda. Kadiri inavyopanda hutanuka na kupoa, kama nyuzi 1 ya sentigredi kwa kila mita 100. Inafika kimo ambacho mvuke hauwezi tena kubaki mvuke, unaganda kwenye chembe za vumbi, moshi au chumvi ya bahari. Hapo wingu limezaliwa. Ndiyo maana mawingu ya mchana huwa na tumbo lililonyooka kama limekatwa kwa kisu: tumbo lile linaonyesha kimo ambapo mvuke hugeuka kuwa maji.

Lakini wingu si mvua. Inahitajika takriban matone milioni moja ya wingu kufanya tone moja la mvua. Kama hewa haipandi kwa nguvu, au kama juu kuna hewa kavu, wingu hunyweka na kutoweka. Hayo ndiyo yale mawingu meupe ya Oktoba yanayopita juu ya Ruangwa yakatuacha na vumbi letu. Ili mvua inyeshe, hewa yenye unyevu mwingi lazima iendelee kupanda hadi kimo kirefu, ambako sehemu ya maji huwa barafu, chembe zikakua na kushikana, kisha zikaanguka na kuyeyuka njiani.

Unyevu huo kwetu hutoka zaidi Bahari ya Hindi. Kuanzia Novemba jua linapoelekea kusini, ukanda ambao pepo za kaskazi na za kusi hukutana hulifuata. Pepo zikikutana, hewa haina pa kwenda ila juu. Kwa sababu ukanda huo hutufikia na kukaa kwetu mara moja kwa mwaka, mikoa ya Lindi na Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, tofauti na Tanga au Arusha wenye vuli na masika.

Majina ya mawingu yaliletwa na mfanyabiashara. Mwaka 1802 Luke Howard, muuza dawa wa London aliyependa kuangalia anga, alitoa mhadhara akiyagawa mawingu kwa sura zake na kuyapa majina ya Kilatini. Kumulasi ni wingu la lundo, stratasi ni lililotandikwa kama mkeka, sirasi ni la nyuzinyuzi lililo juu sana, na nimbasi ni la mvua. FitzRoy aliyatumia, na wataalamu wa leo wanayatumia. Mkulima hahitaji Kilatini, ila ajue hili: lundo linalozidi kurefuka kwenda juu kabla ya saa sita mchana, kichwa chake kikaanza kutanuka kama fuawe la mhunzi, ni wingu la radi. Korosho ziingizwe ndani.

Wingu la radi lina upana wa kilomita chache tu na uhai wake mara nyingi ni kama saa moja. Ndiyo sababu Mnero wanaweza kupata mvua ya kujaza mitaro na Naipanga wasipate tone. Aliyetabiri mvua kwa mkoa mzima hakusema uongo, ingawa mtu wa Naipanga ana haki ya kununa.

Dhoruba ya 1859

Usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Oktoba 1859 meli ya Royal Charter ilikuwa inarudi Uingereza kutoka Australia, imejaa abiria na dhahabu waliyochimba. Dhoruba iliitupa kwenye miamba ya kisiwa cha Anglesey, pwani ya Wales, ikiwa karibu kabisa kufika Liverpool. Watu wapatao 450 walikufa. Baadhi yao walizama kwa uzito wa dhahabu waliyojifunga mwilini. Dhoruba hiyohiyo ilivunja meli zaidi ya 100 kandokando ya nchi.

FitzRoy alirudi kwenye madaftari yake na kuonyesha kwamba dhoruba ile haikuzuka ghafla kila mahali. Ilisafiri. Mahali pamoja ilipiga saa nyingi kabla ya pengine. Na wakati huo telegrafu ilikwisha kuunganisha miji. Habari ilikwenda kwa waya haraka kuliko upepo. Kama kituo cha kwanza kingepeleka taarifa, vituo vya mbele vingejificha.

Alipata kibali. Alianza na vituo 15 vilivyompelekea vipimo kwa telegrafu kila asubuhi. Februari 1861 alianza kutuma maonyo ya dhoruba bandarini. Baharia hakuhitaji kujua kusoma. Kwenye mlingoti ilipandishwa pia ya turubai jeusi: ikielekea juu, upepo mkali wa kaskazini, ikielekea chini, wa kusini. Ikiongezwa ngoma ya turubai, hatari ni kubwa. Tarehe 1 Agosti 1861 gazeti la The Times likachapisha utabiri wake wa kwanza kwa umma.

Alilichagua kwa makini neno la kuita kazi hiyo. Alikataa isiitwe unabii. Alieleza kwamba ni maoni yanayotokana na hesabu na vipimo, na maoni yanaweza kukosea. Kwa Kiingereza alipata neno jipya. Sisi Waswahili neno utabiri linatupa shida, kwa sababu mtu anayetabiri mvua na anayetabiri nyota tunawapa kitenzi kimoja. Labda ndiyo maana wakulima wengine wanamdai mtu wa hali ya hewa uhakika ambao hata mganga hawamdai.

Nani alipata hasara?

Watu walipenda utabiri huo. Lakini haukupita muda malalamiko yakaanza. FitzRoy alikuwa na vituo vichache, hakuwa na setilaiti wala kompyuta, na sehemu kubwa ya hali ya hewa ya Uingereza hutoka magharibi, baharini, ambako hakuwa na hata kituo kimoja. Alikosea mara nyingi. Magazeti yaliyochapisha utabiri wake yakaanza kumdhihaki. Wanasayansi wakasema anatabiri bila kanuni iliyothibitishwa. Wabunge wakahoji gharama za telegrafu. Na wenye mashua za uvuvi wakalalamika kwamba pia ikipandishwa wavuvi wanakataa kutoka, siku inapita bila samaki, na mara nyingine dhoruba haiji.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo, kwa kuwa ndipo uchumi ulipo. Onyo linaweza kukosea kwa namna mbili. Linaweza kusema hatari ipo wakati haipo, au kunyamaza wakati hatari ipo. Kosa la kwanza lilimgharimu mwenye mashua samaki wa siku moja. Kosa la pili lilimgharimu mvuvi uhai wake. Waliopiga kelele zaidi walikuwa wamekaa nchi kavu. Wavuvi wenyewe, waliokuwa ndani ya mashua, walizitazama zile pia kila asubuhi.

FitzRoy aliumia. Alikuwa mgonjwa, anaanza kuwa kiziwi, na alikuwa ametumia mali yake yote katika kazi za umma. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 30 Aprili 1865, alijitoa uhai nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka 59. Familia yake ilibaki bila kitu. Marafiki walichangisha fedha kuisaidia, na Darwin, ambaye tayari walikuwa wamefarakana kwa sababu ya imani, alikuwa miongoni mwa waliochangia.

Mwaka uliofuata kamati iliyochunguza kazi yake ilishauri utabiri wa kila siku usimamishwe. Desemba 1866 hata maonyo ya dhoruba yakaondolewa bandarini.

Kimbunga ambacho hakikuja Mtwara

Watu wa kusini wanaifahamu hali hiyo. Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilionya kuhusu kimbunga Kenneth. Mkoani Mtwara shule na shughuli zilisimama, watu wakaambiwa wahamie maeneo salama. Tarehe 25 Aprili kimbunga kikaingia nchi kavu upande wa pili wa mto Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, kikaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mtwara ikapona. Nikasikia watu wakisema wamepotezewa siku ya biashara. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilitangazwa, kikafifia kabla ya kufika pwani, na vicheko vikazidi.

Kisha Mei 2024 kikaja Hidaya. Kilifika eneo la Mafia tarehe 4 Mei, mvua zikamwagika mkoa wa Lindi, na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam ikakatika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Mfanyabiashara aliyekuwa amesikia onyo akaahirisha safari alilala nyumbani. Aliyecheka alilala njiani na lori lake. Na wazee wanakumbuka kwamba Aprili 1952 mji wa Lindi wenyewe ulipigwa na kimbunga, kwa hiyo asitokee mtu akadhani kusini mwetu hakufikiki.

Kwa mkulima wa bara, kama Nachingwea, hesabu ni ndogo zaidi lakini kanuni ni ileile. Tuseme kuokota korosho uani, kuziingiza ndani na kuzianika tena kesho yake kunakugharimu shilingi 10,000 za vibarua. Tuseme zikilowa, daraja likashuka, unapoteza shilingi 100,000 mnadani. Ukipata maonyo manne ya mvua, matatu yakawa ya bure na moja la kweli, umetumia shilingi 40,000 kuokoa 100,000. Mtabiri huyo amekosea mara tatu kati ya nne, na bado amekutajirisha. Ukibadilisha gharama, jibu nalo linabadilika. Kama kuingiza korosho kungekuwa shilingi 40,000 kila mara, ungehitaji mtabiri mzuri zaidi. Kila mtu afanye hesabu yake mwenyewe, ya mazao yake mwenyewe. Ya ufuta uliosimamishwa shambani mwezi Mei ukingoja kupurwa si sawa na ya mahindi yanayongoja kupandwa.

Daftari la mvua

Kuna jambo jingine la FitzRoy ambalo kwetu limegharimu fedha nyingi. Kabla ya kutabiri alitunza madaftari. Nachingwea ni shahidi wa kinachotokea mtu akikosa madaftari hayo. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe kuchunguza kama Tanganyika inaweza kulima karanga kwa mamilioni ya ekari. Ujumbe ulimaliza kazi kwa muda usiozidi miezi mitatu, sehemu kubwa ukiangalia ardhi kutoka ndani ya ndege. Mpango ulianza mwaka 1947 huko Kongwa, ukaenea hadi Urambo na Nachingwea. Kongwa mvua haikutosha na ardhi iligeuka ngumu kama saruji. Nachingwea mvua ilikuwa afadhali, lakini bandari na reli vilikuwa bado vinajengwa. Mwanzoni mwa 1951 mpango ulifutwa, zikiwa zimepotea takriban pauni milioni 36. Reli nayo iling'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Leo mjini Nachingwea limebaki jina la kata ya Stesheni.

Madaftari hayahitaji pauni. Kile kifaa nilichoahidi ni kopo lenye kuta zilizonyooka, lililowekwa mahali pa wazi mbali na miti na paa, na rula ya mwanafunzi. Kila asubuhi saa tatu pima kina cha maji kwa milimita, andika, mwaga. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita moja ya mraba ya shamba lako. TMA hutoa mwelekeo wa mvua za Msimu kabla hazijaanza, ikieleza kama zitakuwa za wastani, juu au chini ya wastani, na ikitaja vipindi virefu vya ukavu vinavyotarajiwa. Ila wastani wao ni wa eneo pana. Wa shamba lako lililoko Mbekenyera au Mandawa utaujua wewe, baada ya kuandika misimu kadhaa. Nimewahi kuonyeshwa na mkulima mmoja wa Ruangwa daftari la shule lenye misimu sita ya mvua, na kila mwaka tarehe ya mvua aliyopandia na tarehe ya kupandia upya, kama alipandia upya. Lilikuwa na thamani kuliko ripoti nyingi nilizozisoma ofisini. Aliliweka ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na stakabadhi zake za ghala.

Zile pia za turubai hazikukaa chini muda mrefu. Baada ya kuondolewa Desemba 1866, malalamiko yalitoka bandarini: mabaharia na wavuvi walitaka maonyo yao yarudi, pamoja na makosa yake. Mwaka 1867 yalirudishwa. Utabiri wa kila siku magazetini ulirudi mwaka 1879, miaka 14 baada ya mwenyewe kuzikwa. Baadhi ya barometa alizogawa bado zimefungwa kwenye kuta za bandari ndogo za Uingereza. Mwaka 2002 watabiri wa nchi hiyo walibadilisha jina la eneo moja la bahari, magharibi mwa Ufaransa na Hispania, wakaliita FitzRoy, na tangu hapo jina lake husomwa redioni wavuvi wanaposomewa hali ya upepo.